Nilivyotumwa Uingereza Kuuliza Habari za Ukuta

Sababu ya safari yangu ilikuwa ukuta, na ukuta wenyewe mnaujua. Ni ule wa upande wa kushoto ukiingia kanisani kwetu Kitandililo, ambao mama yangu mzazi, Bibi Yusta, ameuegemea kila Jumapili tangu kabla sijazaliwa. Kanisa limekuwa dogo. Siku ya kipaimara watu husimama nje wakichungulia madirishani kama wanaotazama mpira kwa jirani. Kamati yetu ya ujenzi inaongozwa na Mzee Mligo, mfanyabiashara wa mbao ambaye hajapata kuona kitu cha zamani asitamani kukibadilisha. Yeye akaja na wazo jepesi: tubomoe lote, tujenge jipya, kubwa, lenye madirisha ya aluminiamu na vigae chini. Mimi ni katibu wa kamati hiyo, na niliunga mkono. Nilinyoosha mkono juu kabisa.

Mama hakuunga mkono. Akiwa msichana mdogo alibeba matofali ya ukuta ule kichwani, kutoka kwenye tanuru lililokuwa kule bondeni, na husema kwamba tofali moja lina alama ya mguu wake. Alilikanyaga likiwa bado bichi, akachapwa. Kwa kuwa matofali yalikuwa hayatoshi, fundi akalichoma na kulijenga hivyo hivyo, watu wakapiga lipu juu yake. Hakuna mwingine aliye hai aliyewahi kuliona. Wengi wetu, pamoja na mimi niliyetoka tumboni mwake, tuliipokea habari hiyo kama tunavyopokea habari za wazee kwamba zamani mvua ilinyesha kwa adabu.

"Siku mtakayolibomoa," alituambia kwenye mkutano wa usharika, "mimi nitaanza kusali nyumbani. Mungu anapajua kwangu."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ninamjua. Mama akisema hatoki, hatoki, hata nyumba ikivuja. Nilimwona moyoni akiwa peke yake Jumapili asubuhi, amevaa kitenge chake cha ibada, anaimba nyimbo zote beti zote na hakuna wa kumwitikia sauti ya pili. Niliogopa, lakini mkono wangu nilikuwa nimeshaunyoosha.

Wakati huo huo ukaja mwaliko kutoka usharika rafiki wa Uingereza. Walitaka mtu mmoja aende kwa sikukuu yao ya mavuno. Mzee Mligo akanipendekeza mimi, kwa kuwa Kiingereza changu cha sekondari bado kinatembea, ingawa kwa kuchechemea.

"Nenda ukatupigie picha za kanisa la kisasa," alisema. "Madirisha, dari, sakafu, kila kitu. Ukirudi, tunaamua."

Asubuhi ya kuondoka, Makambako ilikuwa na upepo wake ule unaomvua mtu kofia na kumwekea vumbi machoni. Mama alikuja stendi. Alinipa mahindi ya kuchemsha na majani ya chai ya kwetu kwa ajili ya wenyeji wangu, kisha akanishika mkono kama vile mimi ndiye ninayekwenda shule ya bweni.

"Nina swali moja," akasema. "Waulize hao Wazungu kanisa lao la kwanza walilibomoa lini."

"Nitauliza, mama."

"Usisahau kwa kushangaa shangaa."

Barabarani sina mengi ya kusimulia. Basi lilishuka mlima Kitonga nikiwa nimefumba macho, Dar es Salaam nikatokwa jasho hadi sweta likanichukia, na ndegeni nikapewa chakula kwenye visahani vidogo kama vya watoto wanaocheza kupikapika. Niliyala mahindi ya mama juu ya nchi nisizozijua, na jirani yangu akageukia dirishani kwa sababu ya harufu au kwa sababu ya wivu.

Uwanja wa ndege wa Uingereza nilipokewa na mama mmoja mrefu, mwembamba, mwenye nywele nyeupe na koti la kijani lililozeeka vizuri. Jina lake Hilda. Ni mzee wa kanisa pale kijijini, ndiye mwenye funguo.

"Niite Hilda tu," akasema.

Mimi nimwite Hilda tu mtu aliyelingana na mama yangu? Nikamwita Mama Hilda, akazoea. Njiani alikuwa na wasiwasi mmoja mkubwa, nao ni baridi. Alinieleza kwa huruma kwamba nchi yao ina baridi na ukungu, kwamba amenitandikia mablanketi matatu na kwamba nisione haya kuomba la nne. Nilimwambia kwetu Njombe mwezi wa sita mtu akimwaga maji ya kunawa jioni anaweza kuyaokota asubuhi. Alinitazama kama watu wa Dar wanavyonitazama.

Tulifika kijijini mchana. Kijiji kina jina refu ambalo wenyewe hulimeza nusu, kwa hiyo nami nitalimeza lote. Kilichokuja kwanza machoni ni mnara, mraba, wa kijivu, umesimama juu ya mashamba yaliyovunwa. Kanisa zima limejengwa kwa gumegume, yale mawe meusi magumu yanayotoa cheche, yamepangwa moja moja kwenye chokaa kama maharage kwenye makande.

Langoni kuna kijipaa juu ya njia. Mama Hilda akanieleza kwamba zamani jeneza lilitua hapo kumsubiri mchungaji, ili mvua isimnyeshee marehemu.

"Na waliolibeba?"

"Hao walinyeshewa," akasema.

Nikasimama, nikalitazama kanisa kuanzia chini hadi juu. Ukuta mmoja ulikuwa umeinama kidogo kama mtu anayemsikiliza mwenzake. Mnarani palikuwa na visura vya mawe vyenye midomo wazi, ambavyo mvua ikinyesha hutema maji ya paa.

"Mama Hilda, hili ndilo kanisa lenu?"

"Ndilo."

"Yaani la sasa?"

"Hatuna jingine. Lina miaka mia nane hivi, sehemu nyingine zaidi, sehemu nyingine chini ya hapo."

Nikaigusa simu yangu mfukoni, ile niliyopewa kazi ya kupigia picha za aluminiamu, nikaiacha humo humo.

Barazani, kabla ya mlango, kuna mabenchi ya mawe pande zote mbili. Mama Hilda alisema baraza hili halikujengwa kwa ajili ya mvua peke yake. Zamani watu walifungia ndoa hapa mlangoni ndipo wakaingia kwa ibada, na walikubaliana hapa biashara zao, kwa sababu hapa mtu aliona aibu kudanganya. Pembeni mwa mlango ukutani kumechorwa duara lenye mistari na tundu katikati. Ukichomeka kijiti kivuli kinakuonyesha saa ya ibada.

"Na siku za mawingu?"

"Nadhani mchungaji alianza alipofika."

Hapo nilijisikia nyumbani.

Ndani, macho yangu yalichukua muda kuzoea. Karibu na mlango kuna jiwe kubwa la ubatizo lililochongwa kama kinu, maana anayeingia kanisani kwanza hubatizwa. Lina mfuniko wa mbao wenye alama za kufuli. Watu walikuwa wakiiba maji yaliyobarikiwa kwa ajili ya uchawi, Mama Hilda akaniambia kwa sauti ya chini, kama anayefichua habari za ukoo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hata kwetu watu wa namna hiyo wapo, tofauti ni kwamba sisi hatujafikia kufunga kufuli.

Kisha nikainua kichwa. Ndugu zangu, Mzee Mligo alitakiwa awepo. Kenchi za paa lile ni mialoni mizima iliyochongwa, na kwenye ncha ya kila boriti amekaa malaika wa mbao aliyekunjua mabawa. Wengine wameshika vinanda, mmoja amekatika pua. Nilitazama mpaka shingo ikakataa. Fundi aliyewachonga alijua fika kwamba hakuna mtu atakayewaona kwa karibu, na bado aliwachonga kucha za vidole.

Mbele zaidi kuna kiambaza cha mbao chenye matundu, kinachotenga chumba cha waumini na chumba cha madhabahu. Chini yake wamepakwa rangi watakatifu, kila mmoja na chombo chake, ila nyuso zimekwanguliwa zote. Nikauliza nani kafanya hivyo.

"Watu wa Matengenezo ya Kanisa," akasema. "Walikuja na visu."

Hao ndio watu wetu sisi. Rafiki zangu Wakatoliki wa kule misheni wangeniuliza, nami ningekosa la kusema. Mama Hilda akaongeza kwamba chumba cha madhabahu kilikuwa jukumu la padri, na chumba kikubwa kilikuwa jukumu la wanakijiji. Paa la upande wao likivuja, walijua ni la kwao. Ndani mule walikutana, walikula, waligombana na kupatana. Na walisimama ibada nzima, kwa kuwa viti havikuwepo. Waliokaa ni wazee na wagonjwa tu, kwenye benchi la jiwe linalotokeza ukutani. Nikaenda nikalikalia. Lilikuwa na baridi ya kisima, lakini mgongo wangu ulipogusa ukuta nilimkumbuka mama.

Kwenye chumba cha madhabahu kuna viti vya kukunja vya mbao, na chini ya kimojawapo fundi amemchonga mbweha aliyevaa kama mhubiri, anawahubiria mabata, na bata mmoja ameshaingia mfukoni. Nilipiga picha. Baba Mchungaji, ile picha uliyosikia watu wanaichekea ndiyo hii, na si mimi niliyemwonyesha mwenyekiti wa kwaya. Sakafuni palikuwa na vigae vya udongo vya zamani, vyekundu, vimelika kwa miguu. Mama Hilda akachuchumaa kwa shida, akaniita.

"Tazama hapa."

Katika kigae kimoja kulikuwa na alama ya mguu wa mbwa. Vidole vinne na kisigino. Mbwa alipita juu ya udongo ukiwa bado mbichi, karne hizo zote zilizopita, fundi akaona si kitu, akakichoma na kukilaza mbele ya madhabahu.

Nilikaa chini palepale na koti langu zuri.

Siku iliyofuata nilirudi na Mama Hilda akiwa na ufagio, mimi na kitambaa cha vumbi, kwa kuwa sijui kukaa kanisani mikono mitupu. Ndipo nilipoona kitu kilichonisumbua. Upande wa kushoto wa chumba kikubwa kuna safu ya matao juu ya nguzo, na nyuma ya matao kuna ubavu, kama chumba kirefu chembamba kilichopachikwa. Juu ya matao yale, ukutani, kuna vidirisha viwili vidogo vilivyozibwa. Dirisha linalotazama ndani ya kanisa lenyewe! Nikauliza ni fundi gani mlevi huyo.

Mama Hilda akaegemea ufagio. "Hakuwa mlevi. Ukuta huu zamani ulikuwa wa nje, na hayo yalikuwa madirisha yake. Watu wakazidi, kanisa likawa dogo. Wakajenga ukuta mwingine kule nje, wakauezeka, huku ndani ibada zinaendelea. Kisha wakautoboa huu, tao moja baada ya jingine."

"Paa halikuanguka?"

"Wewe unaliona limeanguka?"

Nilizitazama nguzo tena. Hazikufanana. Ya kwanza nene kama mguu wa tembo, ya mwisho nyembamba yenye maringo, na tao la tatu limepinda kidogo, dalili ya fundi aliyekuwa na haraka ya kwenda shambani. Lakini juu yake ukuta wa kwanza ulikuwa pale pale, umebebwa.

"Mama Hilda," nikasema, "mama yangu amenituma swali. Anauliza kanisa lenu la kwanza mlilibomoa lini."

Alizunguka na macho yake kuanzia kwenye nguzo hadi kwa malaika asiye na pua.

"Mwambie," akasema, "kila kizazi kilibomoa kidogo, kikachoka, kikaacha."

Jumapili ya mavuno ndiyo siku niliyoharibu, ingawa mpaka leo kuna ubishi kama niliharibu au nilitengeneza. Kanisa lilipambwa vizuri. Chini ya madirisha waliweka matufaha, vitunguu, mkate uliofinyangwa kama mganda wa ngano, na mumunye mmoja mkubwa kama mtoto anayenyonya. Mimi niliweka pale majani yangu ya chai. Watu hawakuwa wengi. Malaika wa kwenye paa walituzidi. Mchungaji ana makanisa saba ya kuhudumia, hivyo alihubiri akiwa ameshika ufunguo wa gari.

Ibada ikaisha. Wote wakaelekea chini ya mnara, ambako kuna meza ya chai na biskuti. Mimi nikabaki nashangaa. Mumunye ule pale, vitunguu vile pale, na hakuna anayenyanyua kitu. Mnajua kwetu haiwezekani. Sadaka ya shambani ikiletwa, mnada lazima, na mnadishaji wa usharika wetu ni nani kama si mimi? Nikafikiri mnadishaji wao anaumwa na wanaona aibu kumwomba mgeni. Nikaukumbatia mumunye, nikatoka nao barazani, nikasimama juu ya benchi la jiwe.

"Mumunye huu," nikatangaza kwa sauti ile ninayoitumia Kitandililo siku ya upepo, "nani anauanzia?"

Vikombe vikasimama hewani. Mzee mmoja mwenye tai, jina lake Bwana Artha, akainua mkono kurekebisha kifaa chake cha kusikilizia.

"Baba pale ameanza! Nani anamzidi?"

Bwana Artha akauliza ameanza nini. Mama Hilda, ambaye uso wake nilikuwa sijaujua vizuri mpaka siku ile, akaweka kikombe chini na kusema kwa sauti ya wazi kwamba yeye anamzidi. Basi mambo yakachangamka. Nikawaeleza desturi yetu, kwamba mtu akinunua si lazima apeleke nyumbani, anaweza kumtunza mwenzake kama zawadi. Mama Hilda akaununua mumunye akamtunza Bwana Artha. Baadaye ndipo nilipojua kwamba wawili hao wamepingana miaka mingi juu ya choo. Ndiyo, choo. Kanisa lile halina choo tangu lijengwe. Mama Hilda anataka kijengwe ndani ya mnara, Bwana Artha anataka nje nyuma ya makaburi, na vibali vya kugusa majengo ya kale haviishi. Niliwaambia kwetu choo hujengwa kwanza, kisha kanisa. Mchungaji wao alicheka mpaka akaacha ufunguo wa gari mezani.

Nilipojua kwamba kwao hakuna mnada, nilitamani kuingia ndani ya jiwe la ubatizo nijifunike na mfuniko. Mama Hilda akaniteremsha benchini kwa mkono.

"Baraza lilijengwa kwa kazi hii," akasema. "Sisi ndio tulisahau."

Siku za mwisho nilipanda mnarani kwenye kengele. Hupigwa kwa kamba, kila mtu na yake, kwa zamu isiyokosewa. Nilipewa moja, nikachelewa kuiachia, ikaninyanyua kidogo kutoka sakafuni, na hivyo ninaweza kusema nimepaa kanisani, jambo ambalo wengi wenu hamjalifikia.

Kurudi kulikuwa kwa haraka kuliko kwenda, kama ilivyo kawaida. Nikiwa kwenye basi, tulipopita misitu ya misonobari na hewa ikaanza kuwa ya kwetu, nilipanga hotuba yangu. Nilikuwa nimejifunza kwamba si lazima kuchagua kati ya kubomoa na kuacha. Watu wakizidi, pachika ubavu. Ilionekana rahisi sana ndani ya basi.

Kikaoni, Mzee Mligo alipitisha picha zangu moja baada ya nyingine.

"Aluminiamu iko wapi?"

"Hakuna, mwenyekiti."

"Hata kidogo?"

Nikaeleza habari za matao. Tukamwita fundi Chesko wa Kifanya, Mkatoliki ambaye tunamwamini kwa matofali tu. Akaupima ukuta wetu, akagonga lipu kwa nyuma ya nyundo, akasikiliza kama daktari.

"Ukuta mnene huu, wazee wenu hawakuiba tofali," akasema. "Inawezekana. Tunajenga ubavu nje kwanza. Halafu tunachimba nafasi za nguzo ukutani, tunaweka nondo na zege, boriti inalala juu, ndipo tutoboe chini. Ila taratibu. Mkiniharakisha siji."

Mzee Mligo akakubali kwa sharti la kupata madirisha yake ya aluminiamu na vigae katika ubavu mpya. Nikamwambia ubavu wote ni wake, hata akiuvisha tai. Akasema mbao za kuegemezea atazitoa yeye. Nikatoka kikaoni nimevimba kichwa kwa ushindi, nikaenda moja kwa moja kwa mama, ambaye tangu nirudi nilikuwa nimemkwepa mpaka nipate la kumwambia.

Nilimkuta jikoni, anachagua maharage.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Umerudi mnene. Waliniambia nini?"

Nikampa jibu la Mama Hilda. Alilitafuna kidogo, akalikubali. Nikamweleza matao, nguzo na ubavu. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo mikono yake ilivyopunguza mwendo, mpaka maharage yakanyamaza.

"Kwa hiyo mnautoboa ukuta wangu."

"Tunautoboa, mama. Hatuubomoi."

"Mtu akitobolewa hajaumia?"

Nilikuwa nimezunguka nusu ya dunia kutafuta njia ya kumwokoa mama na kubomolewa kanisa, na njia niliyoipata inapita katikati ya mgongo wake. Nililia hapo jikoni, nasema wazi, na yeye akaniacha nilie. Kisha nikamwambia habari za mbwa.

"Mbwa?" akasema.

"Alikanyaga kigae kikiwa kibichi. Kiko mbele ya madhabahu. Kila mgeni anaonyeshwa."

Mama akarudisha mkono kwenye maharage.

"Mbwa wa Mzungu anaonyeshwa wageni," akasema mwishowe, "na mguu wangu umefunikwa lipu. Haya. Toboeni. Lakini kila tofali litakalotoka, lipite mbele ya macho yangu kabla halijajengwa kwingine."

Mzee Mligo aliposikia sharti hilo alishika kichwa kwa mikono miwili, ila hakuthubutu kulikataa.

Msimu wa kiangazi kazi ilipofika kwenye kutoboa, mama alikuja kila asubuhi, akaketi kwenye kiti chini ya paa la ubavu mpya, na sweta na kitenge na fimbo. Matofali yalitolewa moja moja, akina mama wakayakwangua lipu kwa brashi na kumwekea miguuni. Aliyageuza kwa fimbo, upande huu, upande ule. Chesko, ambaye alisema asiharakishwe, sasa alianza kuomba harakaharaka. Tao la kwanza, hakuna. La pili, hakuna. Watu walianza kuja hata siku za kazi, wamesimama na majembe begani, wanatazama matofali kama waliopotelewa na kitu chao. Vijana wa kwaya wakaacha kutania. Mimi nilikuwa sipati usingizi. Nilikuwa nimeshaamini, na kuamini kulikuwa kunaniuma zaidi kuliko nilipokuwa siamini.

Tao la mwisho lilikamilika Jumamosi mchana. Tofali la mwisho likakwanguliwa, likawekwa miguuni pa mama. Likageuzwa huku, likageuzwa kule. Lilikuwa tofali tu.

Mzee Mligo akavua kofia yake, akachuchumaa mbele ya kiti, na kwa upole ambao sikujua anao akasema, "Bibi, pengine ni siku nyingi. Kumbukumbu nayo huchoka."

Mama akamtazama. "Mmetoa yote mliyotaka kutoa?"

"Yote, Bibi."

"Hakuna jingine litakalotoka?"

Mzee Mligo akamgeukia Chesko. Chesko akatikisa kichwa.

"Basi lile limebaki," mama akasema. "Limeshika."

Akasimama kwa fimbo yake, akapita chini ya tao la kwanza, akaenda mahali pake pa siku zote, ambapo kipande cha ukuta wa zamani kimesalia kati ya nguzo mbili. Akakaa. Akaegemeza mgongo, akausogeza kidogo kulia kama mtu anayetafuta kitu kwa mfupa, akatulia. Kutoka pale aliweza kutuona sote tuliosimama ubavuni, kwenye sehemu ambayo zamani ilikuwa nje.

"Mnasimama nini huko?" akasema. "Sogeeni ndani, upepo unaingia."